Kuhesabu Hadi Saba

Kabla mguu wa mtu haujaingia kwenye beseni, vidole viwili vya Yu Painten vilitangulia. Cha shahada na cha kati, vya mkono wa kulia, vilizama majini mpaka pingili ya pili, naye akahesabu kimoyomoyo. Akishindwa kufika tano, maji yalikuwa makali mno na yalipaswa kungoja. Akifika saba bila kuvuta mkono, mguu uliruhusiwa kuingia. Kwa miaka thelathini na minne hakuna mtu wa kijiji cha Kedungwaru aliyeuliza kama hesabu hiyo ni sahihi, maana hakuna aliyewahi kuungua.

Aliirithi kwa mama mkwe wake, mwanamke mkali aliyeamka kusaga manjano kabla ya adhana ya alfajiri na kumtukana kila aliyemkuta amelala. Painten aliletwa kwake akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane, kutoka vilima vya mawe vya Wonogiri ambako watu walikula muhogo mkavu mwaka mzima. Miaka mitatu baadaye mumewe, fundi wa kuezeka, aliteleza juu ya paa la watu siku ya mvua, akamwacha na mtoto wa kike wa miezi minane. Mama mkwe hakuwa mtu wa pole nyingi. Alimfunga Painten mbeleko mgongoni, na mahali pa mtoto akaweka tenga la chupa za jamu, dawa za mitishamba za kunywa.

"Mtoto nitalea mimi," alisema. "Wewe katembee."

Basi akatembea. Asubuhi alipita sokoni na kwenye tanuri za matofali, alasiri akapita kwenye nyumba za wazee kuwakanda miguu kwa maji ya moto, na kila mtu alimwita Yu, dada mkubwa, hata waliomzidi umri, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa muuza jamu. Alikuwa na chupa ya mchele na tangawizi kwa watoto wasiokula, ya manjano na ukwaju kwa wasichana walio mwezini, na ya pilipili ndefu kwa wenye maungo mazito na miguu iliyokufa ganzi. Mwisho kabisa ilikaa chupa nyeusi ya brotowali, shina chungu kiasi cha kuwafumbisha macho wanaume wenye ndevu. Aliyekunywa ile nyeusi alipewa bure nusu glasi ya sharubati ya majani ya ukwaju na sukari ya mnazi, asuuze ulimi. Muuza jamu asiyetoa cha kusuuzia ulimi husemwa mpaka kijiji cha tatu. Na kilichobaki jioni hakimwagwi, hiyo nayo ni desturi ya kazi. Kilichobaki siku zote kilikuwa kile kitamu, na aliyekimaliza siku zote alikuwa Painten.

Mambo yalianza kwa kandambili. Alasiri moja, mwaka juzi, alifika nyumbani kwa Sokiran, aliyemwita Kang, kaka mkubwa, akatua tenga lake, na Lasmi, mke wa Sokiran, akamtazama miguuni akacheka mpaka akashikilia mlango.

"Yu, kandambili yako ya pili umemwachia nani?"

Painten akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, una tope mpaka kifundoni, na kokoto limekwama kati ya vidole. Kandambili ilikuja kuonekana kwenye daraja la mfereji, mwendo wa nusu saa. Nusu saa nzima alitembea peku mguu mmoja na asijue. Lasmi aliisimulia habari ile wiki nzima, na Painten aliicheka pamoja naye, kwa sababu ukijicheka mwenyewe watu hawakuulizi zaidi.

Kwa lugha ya kwao ganzi imepewa jina la sisimizi. Mguu ukimfa mtu ganzi husema ameingiwa na sisimizi, anaukung'uta, maisha yanaendelea. Painten naye alisema ni sisimizi tu, nimetembea mno. Kila asubuhi akawa anakunywa glasi mbili za pilipili ndefu, akizikoleza sukari ya mnazi ili zishuke, kisha anasugua miguu kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na tangawizi. Mara nyingine joto lilirudi. Mara nyingine aliamini tu kwamba limerudi, na kadiri miezi ilivyokwenda alishindwa kujua lipi ni lipi.

Kang Sokiran alikuwa mfua shaba, mmoja wa wale waliotengeneza patu kubwa za ngoma za arusini. Miaka arobaini alikaa kando ya tanuri, na alikuwa akijigamba kwamba moto ukimwona husimama kumsalimia. Sasa alikaa kibarazani kwa saruni na fulana, ameinyosha miguu mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine aliyoombwa aiangalie. Hakuisikia tena. Kaka yake alipelekwa hospitali ya mjini na kidonda cha kidole gumba, akarudi amekatwa mguu, na mwaka haukwisha wakamzika. Tangu siku ile Sokiran alikula kiapo.

"Mimi nitazikwa na miguu miwili," aliwaambia wote waliopita. "Nikifika huko nikiulizwa maswali, nisimame nijibu."

Kicheko kilikuwepo lakini kiapo kilikuwa cha kweli, na Painten alikichukua kama kazi aliyokabidhiwa. Alimwambia miguu yako niachie mimi, Kang. Kila alasiri alimnywesha, kisha akamchemshia maji ya mchaichai, tangawizi na chumvi, akapima kwa vidole, akauzamisha mguu mmoja na baadaye wa pili, beseni lenyewe lilikuwa dogo. Lasmi alichuchumaa kando akimsugua mumewe nyayo kwa kitambaa. Zilikuwa saa nzuri zile, watu watatu na mvuke wa mchaichai, wanasengenya jirani.

Siku moja Lasmi alimwita Painten nyuma ya nyumba, akamwonyesha mfereji unaotoka bafuni. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mmoja kutoka kwenye mizizi ya mgomba mpaka pale maji yanapotokea, wengine wanakwenda, wengine wanarudi. Painten hakuhitaji kuelezwa. Mkojo unaofuatwa na sisimizi una sukari, hilo kila muuza jamu analijua. Alirudi kibarazani akamwambia Sokiran waziwazi kwamba hicho ni kisukari, aende zahanati akapimwe damu, muuguzi pale ana vidonge.

"Zahanati ndiyo mlango wa hospitali," Sokiran alisema, "na hospitali ndiyo mlango wa msumeno. Wewe si upo?"

Hapo ndipo Painten alipopaswa kukaza uzi, na hakukaza. Alimwambia mara moja nyingine, kwa sauti ya chini, akaacha. Ukweli ni kwamba maneno yale yalimfurahisha. Mtu amewekewa hospitali upande mmoja na tenga la chupa upande wa pili, akachagua tenga. Nani asingevimba kichwa kidogo? Akaanza kumpa glasi nzima ya brotowali badala ya nusu. Na desturi ikabaki desturi, kila baada ya ile nyeusi alimpa kitamu cha kusuuza ulimi. Lasmi alimkumbusha kwamba mgonjwa wa sukari hapewi sukari. Painten alijibu kwamba nusu glasi haijamuua mtu, naye Sokiran alidakia kwamba bila ile nusu glasi angeacha dawa yote. Aliisubiri tangu asubuhi.

Wiki ya pili baada ya Idi, Painten aliingia bafuni kwake alfajiri kuchukua udhu, akaona mstari. Ulianzia kwenye ufa wa ukuta, ukapita chini ya mtungi, ukaishia sakafuni pale pale alipokuwa amechuchumaa jana yake. Sisimizi weusi, wadogo, wenye adabu zao. Alisimama akiwatazama mpaka adhana ikaisha. Kisha alikwenda jikoni, akachemsha birika, akarudi kuwamwagia maji ya moto mpaka wa mwisho akaelea kwenda na mfereji. Kesho yake walikuwa wamerudi. Ikawa kila siku birika la kwanza ni la sisimizi, la pili ndilo la manjano.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, tena sana, na hakuogopa kifo. Aliogopa kibaraza, aliogopa kukaa kwa saruni safi na kungoja muuza jamu mwingine apite. Aliyekuwa amemwambia Sokiran aende kupimwa hakuwa na haja ya kuambiwa la kufanya. Alilijua kuliko mtu yeyote pale kijijini. Akajiongezea pilipili ndefu, glasi ya tatu.

Mtu wa kwanza kumtilia shaka alikuwa binti yake, Wuryani, aliyeshona nguo kiwandani na kuishi naye nyumba moja. Ijumaa moja kiwanda kilifunga mapema, akaingia jikoni na kumkuta mama yake ameshika kifuniko cha sufuria kwa mkono mtupu, anazungumza na paka.

"Mbok," Wuryani alimwita mama yake taratibu, "mkono."

"Mkono una nini?"

"Hicho kifuniko kimetoka motoni sasa hivi. Mvuke si unauona?"

Painten alikiweka chini bila haraka, kama mtu aliyekusudia kukiweka hata hivyo. Wuryani akamshika kiganja akakigeuza. Ncha za vidole zilikuwa na mabaka meupe, magumu, mengine ya zamani.

"Hii ni mikono ya kazi, Nduk," Painten alimwambia binti yake. "Imezoea moto."

"Na sisimizi bafuni nao wamezoea nini?"

"Nilimwaga ukwaju."

"Kila siku unamwaga ukwaju bafuni?" Wuryani hakucheka. "Mbok, nisikilize. Usipime tena maji ya watu kwa vidole hivi. Twende zahanati Jumatatu, nitaomba ruhusa. Na kama hutaki kwenda, basi niahidi hilo moja tu."

Painten alipandwa na hasira ambayo hakujua ilikotoka. Alimwambia kwamba vidole hivyo ndivyo vilivyomnunulia sare za shule, na kwamba kushona vifungo vya mashati hakumfanyi mtu kuwa daktari. Siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu, Wuryani alipokwenda kazini, Painten alifunga mlango wa jikoni, akamimina maji kutoka kwenye birika lililochemka, akatia vidole viwili. Moja, mbili, tatu. Akafika saba. Akaendelea mpaka ishirini, akiwa ameinamia bakuli, akingoja kitu chochote. Alipovitoa vilikuwa vyekundu. Alijiambia kwamba birika lile la zamani hupoza maji upesi, akayamwaga.

Tangu siku hiyo alibuni ujanja ambao hakumwambia hata Mungu wake. Alipofika kwa Sokiran alizamisha vidole kama kawaida na kuhesabu kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa kwa Lasmi. Alimwita Bu, mama, akamwambia loweka kitambaa, na Lasmi akatia mkono. Lasmi akikunja uso, Painten alisema bado, tungoje. Lasmi akiwa ametulia, Painten alisema haya, tia mguu, Kang. Miezi miwili ilikwenda hivyo, na hakuna aliyeungua. Painten alianza kuamini kwamba amepata njia.

Ikaja Alhamisi ya mvua. Jirani alikuwa anaoza binti, na wanawake wote wa kitongoji walikwenda kusaidia kupika, Lasmi akiwemo. Painten alifika akiwa amejifunika nailoni juu ya tenga, akamkuta Sokiran peke yake kibarazani na birika likitokota kwenye jiko la mkaa kando yake. Hakutania. Alikuwa ameegemeza mguu wa kulia kwenye kigoda, na Painten alipoinama aliona kidole kidogo kimepiga rangi ya bilinganya.

"Tangu lini hiki?" aliuliza.

"Tangu jana usiku. Lasmi hajui, nilivaa soksi." Sokiran alimkazia macho. "Yu, ndivyo cha kaka kilivyoanza. Nichemshie maji. Leo yawe moto, ya jana yalikuwa kama mate."

Painten alimwambia wamngoje Lasmi.

"Lasmi atarudi magharibi huko. Toka lini Lasmi amekuwa mganga?"

Kulikuwa na mambo mengi ya kumjibu. Angeweza kumwambia kidole kile hakingoji maji, kinangoja gari la kwenda mjini. Angeweza kumwambia vidole vyangu vimekufa, Kang, usiniamini. Lakini mzee wa watu alikuwa na hofu, na alimtazama yeye, hakumtazama mwingine. Painten alipondaponda mchaichai, akatupia tangawizi na chumvi, akamimina birika lote. Mvuke ukapanda mpaka kwenye kenchi za paa. Kata ya maji baridi ilikuwa karibu na goti lake. Akatia kata moja. Ya pili aliiinua, halafu akairudisha, kwa sababu hakujua kama inahitajika na hakutaka aonekane anabahatisha.

Akazamisha vidole. Sokiran alikuwa akimwangalia, naye akaangalia mvua. Moja. Mbili. Tatu. Jogoo wa mtu alikimbia uani akitafuta pa kujikinga. Nne. Tano. Sita. Saba ilifika kama ilivyofika siku zote, na Painten alijua kwamba kumi ingefika, na hata mia ingefika. Alilijua hilo kabisa, wala asije mtu kumtetea kwamba hakujua.

"Vipi?" Sokiran aliuliza.

"Tia mguu, Kang."

Mguu wa kulia uliingia mpaka juu ya kifundo. Sokiran alifumba macho, akaegemea ukuta. Mvua iliendelea kupiga vigae.

"Yu," alisema baadaye. "Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Joto. Liko mbali, lakini linakuja."

Painten alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akajifutia vidole kwenye saruni, akamwambia kidole kitapata damu, aone tu, na Sokiran akaanza kumsimulia juu ya upatu mmoja mkubwa alioufua zamani, uliokuwa na sauti mbaya kama mbuzi, wakauyeyusha na kuufua mara tatu. Alisimulia robo saa nzima. Painten alicheka palipostahili kuchekwa.

Mvua ndiyo iliyomrudisha Lasmi mapema, maana jiko la arusi lilikuwa limeingia maji. Alikuja na chakula kwenye jani la mgomba, akakiweka, na kabla hata hajafuta uso alichuchumaa kwa mazoea, akachukua kitambaa na kutia mkono beseni. Aliutoa kwa kishindo akapiga ukelele, beseni likayumba. Akaushika mguu wa mumewe kwa juu na kuuinua. Ngozi ya kisigino haikuja pamoja na mguu. Ilibaki kwenye maji, nyeupe, imenata kwenye vijiti vya mchaichai.

Sokiran alimtazama mkewe, akatazama beseni.

"Kuna nini?" aliuliza.

Lasmi aliukumbatia ule mguu mapajani mwake, maji yakimchuruzika kwenye nguo ya arusi.

"Yu," alisema, "hukuyagusa maji?"

"Niliyagusa," Painten alisema. "Nilihesabu hadi saba."

Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli, na kwa sababu hiyo lilimkaa kooni siku nyingi.

Siku tatu walipaka shubiri, Sokiran akikataa gari. Siku ya nne harufu ilifika barabarani, na mpwa wa Lasmi alikuja na gari, akambeba Sokiran kwa nguvu, mzee akilia na kutukana. Mjini walimkata mguu chini ya goti, kama kaka yake. Habari ilipofika Kedungwaru watu walitikisa vichwa na kusema sukari ndiyo iliyomla, wala si kosa la mtu. Sokiran mwenyewe, walisimulia waliokwenda kumwona, aliwaambia wauguzi kwamba maji ya Yu Painten yalikuwa mazuri na kwamba siku ile ndiyo siku pekee aliyosikia joto. Painten alitamani mtu mmoja tu amtukane.

Alijifungia ndani siku kumi na moja. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimetoka malengelenge mpaka pingili ya pili, kana kwamba vimechorewa mstari, naye akavifunga kitambaa na kuwaambia majirani kwamba alijikata akimenya tangawizi. Wuryani alikitazama kitambaa kile kila jioni. Hakuuliza tena, na kunyamaza kwake kulimtesa Painten kuliko swali.

Siku ya kumi na mbili aliamka, akachemsha brotowali peke yake, akaitia chupa moja ndani ya tenga. Kile kitamu alikiacha. Hakuwahi kutoka bila cha kusuuzia ulimi tangu siku aliyofungwa mbeleko, na tenga lilikuwa jepesi mgongoni mpaka alijisikia uchi. Alikata njia ya mkato kando ya tanuri za matofali, akikanyaga vigae na vyuma chakavu kwa kandambili zilizolika, ili asipite sokoni. Alipofika kwa Sokiran alivua kandambili kwenye ngazi kama kila mgeni, akapanda kibarazani.

Sokiran alikuwa mkekani, amesharudishwa kutoka mjini, amekonda, saruni imelala bapa upande wa kulia kuanzia chini ya goti.

"Karibu, Yu," alisema. "Nimekupunguzia kazi. Sasa mguu mmoja, beseni moja, unawahi nyumbani."

Painten aliketi mbele yake. Alikuwa amepanga maneno tangu daraja la mfereji, lakini badala ya kuyasema akajaza glasi ya brotowali akampa. Sokiran alimimina ile nyeusi kooni, akakunja uso, akanyosha mkono kupokea kitamu, halafu akaona hakipo. Aliinama karibu naye, na sauti yake ikawa ya mtu mwenye siri nzuri.

"Yu, mguu unasikia."

"Upi, Kang?"

"Huu." Alionyesha mkeka mtupu mbele ya saruni. "Wao wanaona umekwenda. Mimi nausikia. Sisimizi, Yu, kuanzia kidole gumba mpaka kisiginoni, wanatembea mchana kutwa. Miaka mitatu kidole kile sijakisikia. Dawa yako imefanya kazi, imechelewa tu." Macho yake yalikuwa yakimetameta. "Lasmi anasema ni wazimu. Wewe una mkono. Gusa hapo, uniambie kama kuna joto."

Lasmi alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, hajasema karibu wala kwaheri. Painten alinyosha mkono wa kulia. Aliuweka juu ya mkeka, pale ambapo mguu ungekuwa, na vile vidole viwili vilivyofungwa kitambaa vikalala mbele ya macho ya watu wote watatu. Lasmi alikitazama kitambaa, kilivyoanzia kwenye kucha na kukomea kwenye pingili ya pili.

"Unasikia?" Sokiran aliuliza.

"Sisikii, Kang."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Sauti yake ilitoka kavu. "Vidole hivi havisikii kitu tangu mwaka jana. Siku ile nilijua. Nilihesabu tu."

Sokiran hakuondoa macho kwenye ule mkono. Midomo yake ilicheza kana kwamba naye anahesabu. Kisha akauliza swali ambalo Painten hakulitegemea, tena kwa upole.

"Na miguu yako, Yu?"

Painten alifungua kinywa amwambie. Lakini Lasmi alikuwa amekwisha kuweka birika chini. Hakuwa akimtazama Painten usoni. Alikuwa akitazama sakafu ya kibaraza, kutoka ngazini mpaka mkekani, ambako mguu wa kushoto wa mgeni wake ulikuwa umeacha alama za damu, hatua kwa hatua. Kwenye alama ya kwanza sisimizi walikuwa wamekwishafika.